Muyenzi Uliobaki Kando ya Jiwe

Mama Furaha, jirani yangu wa ng'ambo ya ua wa miyenzi,

Barua hii naituma bila bahasha. Nimeiandika mara tatu kwa mkono wangu mwenyewe: moja nimempa dereva wa gari la yule mama wa Butembo mwenye duka Walikale, ya pili katekista wetu ataisoma kwenye matangazo ya Jumapili, ya tatu inashuka Kirotshe, maana pale watu wa kwetu hawakosi. Sijui uko wapi. Sijui hata kama uko hai, na hilo njo linanisumbua kuliko yote. Kwa hiyo namwomba kila atakayeishika: kama unamjua mama mmoja mrefu, mzaliwa wa misitu ya Walikale, mwenye utani mwingi, ambaye jicho lake la kushoto hutoa machozi akisimama juani, msomee. Msomee mpaka mwisho, usiruke pale penye aibu. Aibu ni yangu.

Nianze na neno lenyewe, maana unanijua, nikianza kuzunguka nitazunguka mpaka karatasi iishe. Shamba lako linataka kuchukuliwa. Shefu wa kijiji ametoa muda mpaka mvua za kupandia zianze, mwezi wa tisa. Usipokuja wewe wala Furaha mwanao, litakwenda kwa shemeki yangu, Papa Riziki, ndugu ya mume wangu. Na kama mambo yamefika hapo, ni kwa sababu yangu mimi. Haya, nimesema. Sasa ngoja nikueleze.

Nilirudi mwaka jana kutoka kule vita vilikotukimbizia. Papa Bahati hakurudi, homa ilimchukua tukiwa Kirotshe, kando ya ziwa. Pole nimepewa na wengi, yako bado naisubiri. Nilikuta nyumba yako imelala chini na mabati hayapo. Lakini miyenzi yetu, mama! Imepita urefu wa paa. Miaka yote ile hakuna aliyeipogoa wala kuipalilia, viangazi vimeichoma, na yenyewe imenenepa tu, kijani kile kile, vidole vyake vimeelekea juu kama zamani. Wageni wanaopita wanauliza huu ni mti gani usio na majani. Watu wa pwani wanauita mnyaa, nilisikia. Mimi nawajibu kwamba ni ukuta wetu, mimi na Mama Furaha.

Unakumbuka ulivyoucheka siku za kwanza? Ulikuwa umeolewa tu, umetoka kwenu ambako mpaka ni kijito ao mti mkubwa ambao babu fulani aliuonyesha kwa kidole. Ulisimama kwenye kilima chetu ukaangalia mistari ya miyenzi kila upande, ukasema: "Nyiye watu wa Masisi munafunga mashamba sawa mbuzi. Itakimbilia wapi?" Papa Furaha, Mungu amrehemu, alicheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka, ingawa moyoni nilijiambia huyu bibi arusi ana mdomo.

Halafu ukapanda mwenyewe, upande wa barabara, bila kuuliza mtu. Ulikata vijiti vibichi vinadondosha maziwa, ukavichomeka siku ile ile ya mvua, vyote vimelala kama miti ya mihogo. Baada ya wiki tatu ulikuja kwangu na kimoja mkononi, kimeoza, kinanuka. Nilikaa chini kwa kucheka. Ukanuna. Ndipo nikakufundisha, na tangu siku ile tukawa watu wa kuitana asubuhi. Muyenzi hauna haja na maji yako, nilikuambia, una haja na subira yako. Ukiukata, uuache kivulini siku saba, maziwa yakauke, jeraha lifunge ngozi, ndipo uupande, wima, si chini sana, na usiumwagilie. Ukiuhurumia umeuua. Na unapokata, simama upepo ukiwa mgongoni, funga mikono kwa gunia, na usiguse uso hata nzi akikutua puani. Maziwa yake hayana urafiki. Matawi yake usiyachome moto karibu na nyumba, moshi wake utawaliza watoto.

Ulishika vizuri. Ulishika vizuri kuliko mimi niliyefundisha, na hilo lazima niliseme hapa.

Sasa tufike pale. Unajua desturi yetu, nilikufundisha mimi mwenyewe: muyenzi wa mpaka haukatwi na mkono wa mtu mmoja. Ukizeeka, ukiwa wazi chini mbuzi wakaanza kupita, wenye mashamba wawili wanakuja pamoja, huyu anakata upande wake, yule upande wake, wanang'oa pamoja, wanapanda pamoja. Hivyo hakuna wa kusema mwenzake alimuibia. Sisi tulifanya hivyo mwaka ule Bahati alipoanza kutembea na mimi nilikuwa bado namnyonyesha. Tulianzia kwenye lile jiwe letu la kunolea mapanga, ambako mpaka ulianzia, tukashuka kuelekea mfereji. Vijiti vipya tulikuwa tumevikausha wiki nzima nyuma ya jiko langu. Ulikuwa unaimba. Nakumbuka nilikuambia ufunge kitambaa chini zaidi, ukasema kikishuka hutaona unachokata.

Tawi lilikatika vibaya, upepo ukageuka, maziwa yakakuingia macho yote mawili. Sitasahau ile sauti. Nilikuvuta mpaka kwenye ndoo nikakumwagia maji, ukawa unanipiga ngumi kama mtoto. Muganga wa kituo cha afya alikuosha tena kwa muda mrefu sana, akatugombeza, akasema maji safi na mengi njo dawa ya kwanza, akakupa matone na kukufunga kitambaa. Lakini wewe uliniomba pia ile ya wazee, maziwa ya mama anayenyonyesha. Basi siku nne nilikuja kwako asubuhi, mchana na jioni. Nilikuwa nakuinamia kitandani, kichwa chako kwenye mapaja yangu, nakukamulia maziwa ya mwanangu machoni. Ulikuwa unanishika kiuno usianguke, ingawa ulikuwa umelala. Tulicheka hata hapo.

Siku ya pili ulianza kuhangaika. Miyenzi ya zamani ilikuwa karibu yote imeng'olewa, mpya haijapandwa, mbuzi wangeingia kwenye maharage yako na yangu. Nilikuambia tungoje upone. Ulikataa. Ulisema, na maneno haya nimeyabeba mpaka Kirotshe na kurudi nayo: "Maliza tu weye, Mama Bahati. Leo macho yako njo macho yangu."

Nikaenda kumaliza. Sitamsingizia shetani, na njaa haikuwepo mwaka ule. Nilikuwa na akili timamu na kamba mkononi. Upande wangu ni mawe, unaujua, jembe linalia kila ukipiga. Upande wako pale chini ya jiwe kulikuwa na udongo ule mweusi unaoshuka na mvua. Papa Bahati alikuwa Bihambwe kwa mjomba wake, hakuna mtu kilimani. Nilihesabu hatua tatu kuingia kwako, kutoka juu mpaka kwenye mfereji, nikavuta kamba, nikapanda. Ilinichukua siku mbili. Jioni zote mbili nilikuja nikakukamulia maziwa machoni kwa mikono hiyo hiyo, na uliniambia mikono yangu ni baridi.

Kitambaa kilipotoka, jambo la kwanza uliomba ni kwenda kuona. Nilikushika mkono. Jua lilikuwa kali, ulikuwa unafuta jicho la kushoto, unafuta, halitulii, nalo halikutulia tena. Uliangalia mstari mrefu. Ukasema nimeupanga vizuri. Halafu ukauliza, "Na jiwe yetu?"

Nikakujibu, "Jiwe iko palepale."

Na kweli lilikuwa pale pale. Jiwe halikuhama. Ulitikisa kichwa, ukaenda kupika.

Nilijiambia hukuona. Hayo njo mabaya zaidi, Mama Furaha, kuliko hata kamba. Miaka yote nilijifariji kwamba macho yako yameharibika, huoni vizuri mbali, nikashukuru kwa ugonjwa wako. Wewe nawe ukaanza ile tabia. Kabla ya siku ile ulikuwa unakuja kwenye jiwe unanoa panga lako mwenyewe, upande wako, mimi upande wangu, tunapiga soga. Baada ya siku ile hukulifikia jiwe tena. Ulikuwa unasimama nyuma ya miyenzi mipya, unanipitishia panga kwa juu, unasema tu, "Uninolee." Nami nanoa, nakurudishia. Kila wiki. Nilidhani ni uvivu, nikakutania kwamba umekuwa bosi. Mtu haombi kunolewa panga kwenye jiwe lake. Imenichukua vita na miaka mingi kulielewa hilo, na nimelielewa nikiwa nimeinama kwenye jiwe lile lile mwezi uliopita. Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe ulijua nguo ni ipi.

Kwa nini hukunigombeza? Nakuuliza kweli, nataka jibu. Uliniogopa? Ao ulikuwa unaningoja?

Siku ya kukimbia vita tuliagana pale pale kwenye miyenzi. Masasi ya bunduki yalikuwa yanasikika upande wa chini, wewe una mzigo kichwani na Furaha mkononi, unaelekea magharibi kwa watu wako, sisi tunashuka ziwani. Hukuwa na muda, lakini ulisimama. Ulisema: "Ukirudi wa kwanza, unilindie mupaka." Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo nimeegemea miyenzi ya wizi.

Basi nimerudi wa kwanza.

Kuna jambo moja hulijui. Siku zile za kamba, kisiki kimoja cha zamani kilinishinda. Kilikuwa kimejibana chini ya jiwe, nikakikata usawa wa ardhi nikakifukia. Muyenzi haufi hivyo. Kila baada ya miezi kilitoa vidole, nami kila mara nilivikata nikiwa natazama nyuma, kama ninayeiba yai. Tulipokimbia hakuna aliyekikata. Niliporudi nilikuta ni mti, mnene, unanipita kichwa, umesimama peke yake kando ya jiwe, pale ninapolima viazi. Kila anayepita anauona.

Sasa watu wanarudi mmoja mmoja, na ugomvi wa mashamba umejaa kila kilima. Karatasi za shamba nani anazo? Shefu alitangaza kwamba atapita na wazee kuangalia mipaka. Alisema: "Mwenye hana karatasi, miyenzi njo karatasi yake." Wengine walipiga makofi. Mimi chakula kilinishinda siku mbili, Bahati akaniuliza kama naumwa.

Papa Riziki alikuja kwangu siku moja kabla. Anataka shamba lako lote. Anasema umerudi porini kwenu na hutarudi, na kwamba mimi nikisema mbele ya shefu kuwa lilikuwa la familia, atanipa sehemu. Halafu akauona ule mti wa jiwe. Yeye si mjinga. Aliuzunguka, akaangalia mstari wa miyenzi kule, akaangalia jiwe, akatabasamu. Aliniambia niukate kabla shefu hajafika, mti mmoja unaleta maswali. Nilipojaribu kumjibu alinikumbusha kwamba mimi mwenyewe niko pale kwa ajili ya marehemu. Ni kweli. Mume wangu akiwa udongoni, ardhi yangu iko kwenye mdomo wa ndugu yake.

Nilichukua panga. Sitakuficha. Nililinoa kwenye jiwe, nikafunga gunia mikononi, nikasimama upepo mgongoni kama nilivyokufundisha. Niliinua. Na hofu ilikuwa ya pande mbili, ndiyo maana nakueleza yote. Nikiukata, nimekuzika mara ya pili. Nikiuacha na kusema ukweli, Papa Riziki atasema kama miyenzi inaweza kudanganya, basi hakuna mpaka wowote, na ile karatasi moja uliyonayo duniani nitakuwa nimeichana mimi. Niambie, mtu mwenye akili angefanya nini? Nilisimama mpaka mkono ukauma. Mwishowe nikalichomeka panga ardhini, nikaingia ndani.

Shefu alikuja na wazee sita. Papa Riziki alisema yake, kwa sauti nzuri. Halafu shefu akafika kwenye jiwe, akauliza huu muyenzi unafanya nini peke yake kwenye viazi. Watu wote wakaniangalia. Nilisema tu: "Shefu, huu wa jiwe njo mupaka. Ile ingine yote nilipanda miye, ndani ya shamba ya Mama Furaha, wakati alikuwa haone."

Papa Riziki akacheka, akasema lile lile nililoliogopa, neno kwa neno. Wazee wawili wakaitikia. Shefu aliinama akachimba kidogo kwa fimbo chini ya mti, akatazama kile kisiki kinene, cha zamani kuliko miyenzi yote ya kule. Halafu akasema mpaka haurudishwi na mkono mmoja, hata kama mkono huo umetubu. Mwenye shamba aje, ao mtoto wake, apande pamoja nami kuanzia kwenye jiwe. Mvua za kupandia zikianza hamjaonekana, shamba litalimwa na familia ya Papa Riziki, kwa sababu ardhi haiwezi kukaa bila mtu. Hakuniadhibu. Alisema nimngoje jirani yangu, hiyo inatosha.

Haitoshi, inazidi. Papa Riziki hanisalimu tena, na sijui atanifanyia nini mvua zikianza. Kisimani wamenibatiza jina, sasa ni Mama Hatua Tatu. Wananiuliza kama ndoo nimeipima vizuri. Nacheka nao, nifanye nini, nimestahili. Kinachonila ni anga. Kila asubuhi natoka kuangalia mawingu juu ya vilima kabla sijaosha uso. Jana yalikusanyika upande wa Walikale, nikakaa mlangoni mpaka yakatawanyika.

Dereva aliniambia aliona mama anayefanana na wewe, sokoni huko Walikale, anauza nyama kavu na anafuta jicho. Alikuwa na haraka, hakusimama. Nimemgombeza mpaka nikaona haya, maana si kosa lake. Tangu siku hiyo sishiki kazi nikaimaliza.

Nimekata vijiti arobaini kutoka kwenye ile mistari ya wizi. Viko nyuma ya jiko, kivulini, pale pale tulipokausha vile vya zamani. Siku saba zimeshapita zamani. Ngozi imekunjamana lakini ndani viko hai, nimekwaruza kimoja kwa kucha. Vinaweza kukungoja muda mrefu kuliko shefu. Navigeuza kila siku, kazi isiyo na maana, lakini mikono inataka kitu. Kuchimba sitachimba hata shimo moja. Nimejifunza kwamba mkono wangu peke yake si wa kuaminiwa kwenye mpaka.

Ule mti wa jiwe nimeupogoa tu, juu, usianguke na upepo. Nilipoukata maziwa yalinirukia kwenye shavu, nikaoga ndoo mbili za maji. Niko salama. Nilikukumbuka lakini, kichwa chako kwenye mapaja yangu, mikono yangu baridi.

Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, uje hivyo hivyo, na hasira yako, usinisalimu, tupande tukiwa tumenyamaza. Kama miguu haiwezi, mtume Furaha. Lakini ningependa uje wewe. Siku ile ulinipa macho yako nikayatumia vibaya. Njoo na hayo hayo, hata lile la kushoto linalolia, usimame pale juu, unionyeshe pa kuchimba.

Na panga lako uje nalo. Jiwe liko pale pale, upande wako. Safari hii utalinoa mwenyewe.

Jirani yako anayetazama mawingu,
Mama Bahati